Toroli ya Kwenda Mutomboko: Anza na Gurudumu

Kila mwisho wa Julai, watu wa ufukwe wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi, huelekea kusini hadi Mwansabombwe kwenye Mutomboko, sherehe ya Walunda ambapo chifu wao mkuu, Mwata Kazembe, hucheza ngoma ya ushindi akiwa ameshika upanga na shoka. Familia inayokusudia kulala huko kwenye hema hubeba nusu ya nyumba: mikeka, mablanketi ya baridi ya Julai, jiko la mbaula na mkaa, sufuria, unga wa muhogo, dagaa wakavu waitwao chisense na dumu la maji. Lami itokayo Mansa kwenda Nchelenge inapita hapo hapo, kwa hiyo basi si tatizo. Tatizo ni kile kipande kidogo kinachobaki baada ya kushuka, kwenye njia za pembeni ambazo kiangazi kimezigeuza kuwa vumbi na mchanga mlaini. Toroli ichaguliwe kwa ajili ya kipande hicho, na hapo kinachoamua ni gurudumu. Wanunuzi wengi hutazama kwanza ukubwa wa sanduku na bei, kisha gurudumu wanalipokea lilivyo.

Gurudumu dogo na jembamba hukandamiza uzito wote kwenye sehemu ndogo ya ardhi, likazama, na kuanzia hapo msukumaji anapanda kilima kisichokwisha, kwa sababu kila hatua mchanga unalundikana mbele ya tairi. Ndiyo maana vigari vya kukunjwa vyenye magurudumu manne madogo ya plastiki, wanavyopenda watu wa matamasha ya Ulaya, hukwama matope yanapoanza. Tafuta tairi la upepo lililoandikwa 4.00-8, lile la toroli ya ujenzi: upana wake ni kama inchi 4, ringi yake inchi 8, na kimo chake kizima hukaribia sentimita 40. Ukilipunguza upepo kidogo linatanuka na kuelea juu ya mchanga. Sawa, litapata pancha, na tairi gumu la mpira mtupu halipati. Lakini pancha huzibwa na fundi baiskeli yeyote kwa kiraka na gundi, ilhali ugumu wa tairi lisilo na upepo utausukuma njia nzima, kwenda na kurudi.

Gurudumu likae wapi? Kwenye toroli ya ujenzi liko mbele, hivyo sehemu ya mzigo huishia mikononi. Mzigo wa kilo 60 ukiwa theluthi moja ya njia kutoka gurudumuni hadi kwenye mishikio, mikono inabeba kilo 20, yaani dumu zima la maji. Wachina walilitatua hilo zamani kwa kuweka gurudumu kubwa katikati, chini ya mzigo. Kwa familia, mkokoteni wa magurudumu mawili unatosha, mradi vitu vizito vipangwe juu ya ekseli. Huko Goma, Kongo, wana chukudu, skuta ya mbao inayobeba mamia ya kilo, ila ile inakimbia juu ya ardhi ngumu ya mawe ya volkano, mchanga ungeimeza.

Wapo watakaosema baiskeli ipo nyumbani, ya nini toroli? Kwenye lami sina ubishi, baiskeli inashinda. Katikati ya umati, mzigo mrefu uliofungwa nyuma huyumba kila ukisimama. Na kuhamishia magurudumu ya baiskeli kwenye mkokoteni ni kujitafutia hasara: spoki zake zimefanywa zibebe uzito wa juu kwenda chini, na kwa kuwa mkokoteni haulali upande kama baiskeli ikikata kona, ringi hupinda. Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwa nini usikodi mkokoteni, ule ambao masokoni Zambia huitwa zamcab? Anayekwenda sherehe moja kwa mwaka kweli akodi. Toroli inalipa kwa mtu wa Kashikishi ambaye miezi mingine ataitumia kupandisha samaki kutoka ufukweni, kuchota maji na kuleta mihogo. Hata uvuvi unapofungwa, Desemba hadi mwisho wa Februari, maji na mihogo havifungwi.

Kuna jambo moja linalosahaulika: toroli yenyewe itapanda basi. Mwambie fundi wa kuchomelea anayekutengenezea asiunganishe magurudumu moja kwa moja na ekseli, bali ayafunge kwa pini inayochomoka, ili fremu ilale bapa juu ya mizigo. Kabla ya kulipa, inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa kidole, kisha lishike na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza au likikwaruza, beringi imekwisha au haikuwekwa grisi, na hilo lirekebishwe pale pale kwa fundi.