Namna ya Kuwatambua Vigong'ota wa Bustanini

Katika mitaa ya Nairobi yenye bustani na miti mikubwa, kama vile Karen na Lang'ata, mara nyingi asubuhi husikika sauti ya kugongagonga juu ya tawi kavu. Mgongaji huyo ni kigong'ota, ndege ambaye mdomo wake ni mfano wa patasi ya seremala. Watu wengi hudhani kwamba vigong'ota wote ni wa aina moja, na wengine humhesabu kuwa adui aharibuye miti. Mawazo hayo yote mawili si sahihi. Aina zao ni nyingi, kila moja ina desturi zake, na mwenye bustani au shamba atafaidika akizijua.

UMBO LAO

Vigong'ota hufanana kwa sababu kazi yao ni moja. Vidole viwili vya mguu huelekea mbele na viwili nyuma, ili ndege ashike gome sawasawa. Mkia wake ni mgumu, naye huutegemeza juu ya mti kama mtu ategemeavyo fimbo. Ulimi wake ni mrefu sana, nao hunata; huutia ndani ya tundu na kuwatoa wadudu waliojificha humo.

WAWILI WANAOCHANGANYWA

Wanaochanganywa zaidi ni kigong'ota mdogo, ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens, na kigong'ota wa Nubia, yaani Campethera nubica. Kwanza utazame ukubwa. Yule mdogo ana urefu wa sentimita 15 hivi, karibu sawa na shomoro. Wa Nubia hufikia sentimita 20 hivi, naye hulingana na kwenzi.

Pili utazame kifua. Kifua cha yule mdogo kina michirizi myembamba, kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Kifua cha yule wa Nubia kina madoa meusi ya mviringo, kana kwamba kimenyunyiziwa wino.

Tatu ni kichwa, na hapa ndipo wengi wakoseapo. Mtu akiona wekundu kisogoni husema mara moja kwamba ndege ni dume. Kwa yule mdogo neno hilo ni kweli: dume ana kisogo chekundu na paji la rangi ya kahawia, na jike hana wekundu wowote kichwani. Lakini kwa wale wa Nubia, hata jike ana kisogo chekundu. Dume wao ni mwekundu toka paji hata kisogo, tena ana mstari mwekundu shavuni mfano wa sharubu. Jike ana paji jeusi lenye vidoa vyeupe, na mstari wa shavu lake ni mweusi wenye vidoa. Basi ukiona kisogo chekundu, usiamue kabla ya kulitazama paji.

Tena masikio husaidia. Kigong'ota wa Nubia hulia kwa sauti kuu yenye kurudiwarudiwa, na aghalabu dume na jike huitikiana. Yule mdogo sauti yake ni kavu na ya kukwaruza. Hupenda vitawi vyembamba na vichaka, hata mabua ya mahindi, hali yule wa Nubia hupenda sana kula siafu, sisimizi na mchwa.

Katika nyanda za juu yuko na wa tatu, mdogo vile vile, lakini mgongo wake ni wa kahawia mtupu usio na mistari, na shavuni ana baka la kahawia lililozungukwa na weupe.

FAIDA YAO

Kigong'ota hatoboi mti ili auharibu. Mara nyingi penye tundu palikuwa na funza walao mti kwa ndani, naye amewafuata. Kwa kiota, vigong'ota hawa huchagua aghalabu mti uliokufa au tawi lililooza, kwa kuwa ni laini, wala hawaleti majani. Mayai meupe hutagwa juu ya vumbi la mti lililomo ndani. Wakiisha kuondoka, tundu hilo huwa nyumba ya ndege wengine wasioweza kutoboa wenyewe.

Kwa hiyo afyekaye kila tawi kavu ili bustani ipendeze huwafukuza walinzi wake bila kujua. Tawi lililo juu ya nyumba au njia na likatwe, kwani laweza kumwangukia mtu. Lakini lililo pembeni, lisilo na hatari, heri liachwe. Na watoto wenye manati wafundishwe kuhesabu madoa ya kifua badala ya kurusha mawe. Atakayeweza kutofautisha dume na jike atakuwa amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui.