Chakula cha Mchana Shuleni: Mtoto Mmoja, Kilo 23 za Mahindi kwa Mwaka

Mtoto aliyekula chakula cha usiku saa mbili, akaamka alfajiri na kuelekea shuleni bila kutia kitu kinywani, anapoingia darasani tayari ana zaidi ya saa kumi bila chakula. Iwapo shule yake haina mlo na akarejea nyumbani saa tisa alasiri, atakuwa amekaa saa 19 akitegemea ugali wa jana. Kwa mtu mzima ubongo pekee hutumia takribani sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili, na kwa mtoto anayekua sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Nguvu hizo zikipungua, kinachotangulia kudhoofika ni usikivu. Ifikapo saa tano mtoto huyo anamtazama mwalimu, lakini somo la hesabu halimfikii. Wengi wetu tumewahi kumwita mtoto wa namna hiyo mvivu.

Hata hivyo, kushiba peke yake hakutoshi. Katika kaya nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, chakula kikuu ni ugali wa muhogo, mtama au mahindi. Muhogo unatia nguvu, lakini una protini kidogo mno. Mtoto anayekula ugali mwingi na mchuzi mwepesi anaweza kuwa na tumbo lililojaa na damu iliyopungua. Madini ya chuma ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa safi hadi kwenye ubongo, na mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, husahau upesi, na huugua mara kwa mara. Kwetu tatizo hili huzidishwa na minyoo na kichocho, maradhi yanayofahamika vyema katika kata zilizo kando ya Ziwa Victoria. Wazazi watakumbuka kwamba siku ya kumeza dawa za kichocho shuleni, watoto hutakiwa kula kwanza, kwa kuwa dawa hizo zikiingia katika tumbo tupu huweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Kwa hiyo hata kampeni ya tiba hutegemea kilichomo chunguni.

Chungu hicho hakihitaji vyakula vya gharama. Makande ya mahindi na maharage, ambayo baadhi yetu tunayadharau kwa kuwa tumeyazoea, ni mlo uliopangwa vizuri kuliko unavyoonekana: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, na maharage nayo hukamilishwa na mahindi. Yakiongezwa dagaa wa ziwani, ambao huliwa mzima pamoja na mifupa yake, mtoto hupata madini ya chokaa. Mchicha, majani ya kunde na viazi lishe vya rangi ya chungwa huleta vitamini A. Kipande cha limau au chungwa baada ya mlo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia.

Wilaya zetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2010 shirika la PCI, ambalo baadaye liliungana na Global Communities, lilianza mradi wa chakula shuleni Musoma na Bunda kwa ufadhili wa Idara ya Kilimo ya Marekani. Butiama, iliyozaliwa kutokana na Wilaya ya Musoma, iliendelea kuwa ndani ya mradi huo. Miaka ile iliwaonyesha wazazi na walimu kwamba mlo wa shuleni unawezekana. Pia ilijenga mazoea ya kusubiri lori, na hili lisemwe wazi. Msaada wa mfadhili huja kwa awamu na huondoka kwa awamu. Shule ambayo kamati yake haikujiandaa hurudi kwenye sufuria tupu siku ambayo gunia la mwisho linakung'utwa.

Hapo ndipo panapohitaji ufafanuzi, maana swali hili huulizwa karibu katika kila mkutano wa kijiji: kama elimu ni bila malipo, mchango wa chakula unatoka wapi? Utaratibu ulioanza Januari 2016 uliondoa ada na michango ya lazima, na Serikali inagharamia chakula cha wanafunzi wa bweni. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kuwa wajibu wa mzazi au mlezi, na mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe shuleni unaitaka jamii ikae, ikubaliane na kusimamia yenyewe kwa kushirikiana na Kamati ya Shule.

Ni mzigo wa kiasi gani? Tuchukue mfano wa sahani yenye gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja atahitaji kilo 23 na ushei za mahindi, yaani zaidi kidogo ya debe moja, pamoja na kilo 6 hivi za maharage. Kwa shule ya wanafunzi 500 ni kilo 60 za mahindi kila siku, na kwa mwaka takribani magunia 116 ya kilo mia. Kiasi hicho kikitazamwa kwa shule nzima kinatisha. Kikigawanywa kwa mtoto na kukusanywa baada ya mavuno, wakati bei iko chini na ghala la nyumbani lina kitu, kinabebeka. Mwezi Januari debe lile lile huwa habari nyingine kabisa.

Makubaliano yazingatie pia kwamba kaya hazifanani. Mvuvi wa dagaa hana shamba kubwa, na kipato chake hupatikana zaidi usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa mitumbwi hupumzika. Huyu aruhusiwe kuleta dagaa badala ya mahindi. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, tembo wanaweza kumaliza shamba usiku mmoja, na kumdai mwenye shamba hilo debe zima ni kumdai asichokuwa nacho. Baadhi ya wazazi wanaweza kutoa kazi: kuchota maji, kupika, kulima shamba la shule.

Lipo jambo moja lisilopaswa kuachwa kwa busara ya mpishi. Mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asisimamishwe pembeni akitazama wenzake wakila. Deni ni la mtu mzima, na lidaiwe kwa mtu mzima kupitia uongozi wa kitongoji na kijiji. Aibu ya kunyimwa sahani mbele ya darasa zima humfanya mtoto aache kuja shule, na hapo mpango huwa umemfukuza yule yule uliokusudiwa kumvuta. Mkutano uamue mapema ni sehemu gani ya akiba itawahudumia watoto wa kaya zisizo na uwezo, na majina yao yasisomwe hadharani.

Kuhusu ghala, mahindi yakaushwe vyema kabla ya kupokelewa, magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Nafaka yenye unyevu huota sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Muhogo mchungu usiolowekwa ipasavyo ni hatari vilevile: katika miaka ya 1980 hapa hapa mkoani, wilayani Tarime, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Majiko nayo yana agizo lake, kwani taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa.

Mzazi anayo haki ya kuona daftari la mapokezi na matumizi ya chakula cha shule ya mtoto wake. Aombe kwa Mwalimu Mkuu au Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Asiporidhika, afike kwa Mtendaji wa Kata. Masuala ya mchanganyiko wa vyakula na upimaji wa hali ya lishe hujibiwa na Afisa Lishe wa Halmashauri, na hata katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu.