Je, Wajua? Klorini Ileile, Nguvu Tofauti

Kipindupindu kikibisha hodi mjini Bukavu, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu husimama mtu mwenye ndoo ya dawa ya klorini na bomba la sindano lisilo na sindano. Bidoni ya lita 20 ikitoka ziwani, huitilia mililita chache. Mwenye bidoni huitikisa, huitwika na kuanza kupanda mlima. Hesabu si ngumu: gramu 15 za unga wa hipokloraiti ya kalsiamu wa asilimia 70, zikikorogwa katika lita 1, hutoa dawa ya asilimia 1. Mililita 4 za dawa hiyo huipa bidoni miligramu 40 za klorini, yaani 2 kwa kila lita.

Ila hesabu hiyo haisemi klorini imegeuka nini humo ndani. Majini huwa na sura mbili: asidi ya hipoklorasi, isiyo na chaji, na ioni ya hipokloraiti, yenye chaji hasi. Ngozi ya bakteria nayo ina chaji hasi, kwa hiyo ioni husukumwa nje, asidi ikapenya na kuvuruga protini zake. Kwa baadhi ya bakteria, asidi huua kwa nguvu mara 80 hadi 100 kuliko ioni.

Mwamuzi ni pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Kwenye 7.5 sura hizo hugawana nusu kwa nusu, kwenye 6.5 asidi hufika asilimia 90. Sasa njoo Kivu, ziwa la nchi ya volkeno lililosheheni bikaboneti: maji yake ya juu yana pH ya karibu 9. Hapo asidi hubaki asilimia 3 hivi!

Na kipimo cha klorini hakilioni hilo. Kidonge cha kupimia, kiitwacho DPD, hugeuza maji kuwa ya waridi kwa jumla ya sura zote mbili. Ndiyo maana kisanduku cha plastiki cha kupimia maji kina chumba cha pili, cha fenoli nyekundu, cha kusomea pH. Nacho huishia 8.2; maji ya Kivu hukizidi.

Nafuu ipo: vimelea vya kipindupindu havina ubavu mbele ya klorini, na asidi ikitumika, sehemu ya ioni hugeuka asidi kuziba pengo. Ila mgeuko huo haufuti upungufu. Mwongozo wa WHO wa kusubiri walau nusu saa ni wa maji yenye pH chini ya 8. Kwa maji ya ziwani dozi huongezwa na muda hurefushwa, kwa hiyo bidoni iliyotiwa dawa ukingoni isinywewe njiani.