Mbaazi ya Nangara na mlaji wa India

MKULIMA wa Nangara, mjini Babati, huvuna mbaazi kuanzia Agosti na kuiuza bila kumjua mlaji. Sehemu kubwa ya mbaazi hiyo huenda India, ambako viwanda huikoboa na kuipasua, kisha ikauzwa madukani ikiwa dali.

Anachopenda mlaji huyo ndicho kinachofaa kuamua mbegu ya kupandwa Nangara. Watafiti wa ICRISAT na wa kituo cha Selian, Arusha, waliliona hilo. Walishirikiana na wakulima wa Babati kuchagua mbaazi yenye punje kubwa nyeupe, inayopendwa sokoni, tena inayostahimili ugonjwa wa mnyauko. Aina mojawapo, ICEAP 00040, ikaitwa Mali.

Viwandani kazi hiyo huitwa kubuni bidhaa. Kampuni ya nguo ya Zara, ya Hispania, huifanya kwa kompyuta: mauzo ya kila duka huwafikia wabunifu upesi, nao hushona kinachotoka na kuacha kinachododa.

Kwa mkulima, habari kama hizo zilipitia kwa dalali, naye alisema zile zinazomfaa. Ndipo mwaka 2005 mradi wa First Mile, uliosaidiwa na IFAD, ulipoanza nchini. Wakulima waliwatuma wenzao sokoni kupeleleza bei na kuirudisha kijijini kwa simu ya mkononi. Wapelelezi hao wakaitwa mashushushu.

Faida yake ni hesabu rahisi. Mwenye magunia manane ya kilo 100, akijua bei na kupata nyongeza ya Sh100 kwa kilo, anaongeza Sh80,000. Mradi apime kwa mizani. Akijaza lumbesa, nyongeza hiyo inamwagikia kwa mnunuzi.

Lakini bei peke yake haitoshi. Agosti 2017, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi inayoingia nchini humo kwa mwaka. Mbaazi ya Babati, iliyopandwa pamoja na mahindi miezi mingi nyuma, ilikuwa tayari shambani. Bei ikaporomoka. Simu ilileta habari siku ileile, ila hakuna simu inayoweza kurudisha mbegu kwenye gunia. India ilifungua tena mlango Mei 2021.

Mwaka 2024 Serikali ilielekeza mbaazi iuzwe kwa stakabadhi ghalani, kupitia minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi huweka bei akiwa popote, na wakulima wanaweza kuikataa. Ni hatua kubwa, ingawa makato na kusubiri malipo huwaumiza wenye shida ya haraka.

Kilichobaki ni habari za kurudi nyuma. Mnada hutaja bei. Mkulima anahitaji pia kujua kwa nini mzigo wake umepata bei hiyo: ni unyevu, takataka au ukubwa wa punje? Chama cha ushirika kingeweza kumtumia majibu hayo kwa ujumbe wa simu kabla hajanunua mbegu ya msimu ujao. Gharama yake ni ndogo mno.

Mfanyabiashara anayefungasha dali au unga ana kazi nyingine: msimbo wa mistari, ambao kwa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Duka lenye kompyuta likiusoma, huhesabu pakiti zilizotoka. Aombe hesabu hizo kila mwezi.

Kwa mwenye mbaazi ghalani sasa, kalenda ya India nayo ni habari. Mavuno yao hushika kasi kuanzia Desemba.