Bastola hawana, kitambulisho hawataki: Waingereza na sheria zisizokwisha

LONDON – Wasomaji wetu walioko nyumbani hushangaa wakiambiwa kwamba katika nchi hii raia hana kitambulisho cha uraia, na kwamba askari polisi akimsimamisha njiani hana haki ya kumwambia "toa kitambulisho" kama wanavyofanya askari wetu. Hushangaa zaidi wakisikia kwamba serikali mbili tofauti zimejaribu kuwapa watu vitambulisho, na mara zote mbili wananchi wakaja juu kana kwamba wameambiwa watiwe pingu.

Yuko Mwingereza wa aina fulani ambaye sisi tuliokuja hapa kutafuta hifadhi tumechukua muda kumfahamu. Humpati katika chama kimoja tu, wala si lazima awe tajiri. Huyu ni mtu anayeamini kwamba serikali ni mtumishi wake, na kwamba mtumishi hana ruhusa ya kupekua mifuko ya bwana wake. Mwaka 2005 Bunge lilipopitisha sheria ya kumtaka mtu aombe ruhusa ya polisi kabla ya kuandamana karibu na Bunge lenyewe, alikasirika. Uvutaji wa sigara ulipopigwa marufuku mabaani tarehe 1 Julai 2007, alikasirika hata kama yeye mwenyewe havuti. Na ukikaa naye muda mrefu atafika kwenye kile kinachomkera zaidi, nacho ni bastola.

Atakukumbusha kwamba Hati ya Haki ya mwaka 1689, ambayo Waingereza wanajivunia kuwa ni msingi wa uhuru wao, iliwaruhusu raia (wa madhehebu ya Kiprotestanti tu, tuseme ukweli) kuwa na silaha za kujilinda kwa kadiri sheria inavyokubali. Atakwambia kwamba kuanzia mwaka 1870 mtu alikwenda posta, akalipa shilingi kumi, akapewa leseni ya kubeba bunduki, basi. Na atakuhadithia kisa cha Tottenham, kaskazini ya London, cha Januari 1909, pale wezi wawili wenye bastola walipopora mishahara ya kiwanda, na polisi waliokuwa wakiwafukuza wakaazima bastola kwa wapita njia. Askari mmoja na mtoto wa miaka kumi waliuawa siku ile. Huyu rafiki yetu kifo cha mtoto hukipita haraka. Yeye anachotaka ukisikie ni kwamba raia walikuwa nazo na polisi hawakuwa nazo.

Mambo yalibadilika mwaka 1920. Askari walikuwa wamerudi kutoka vita vikuu na serikali ikiogopa yaliyotokea Urusi yasije hapa, ikatunga sheria kwamba anayetaka bunduki apate cheti kutoka kwa mkuu wa polisi na aeleze sababu. Baadaye mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987 yakaleta sheria nyengine. Kisha ikaja Dunblane.

Tarehe 13 Machi 1996, katika skuli ya msingi ya Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliingia na bastola nne akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zile alizimiliki kihalali, vyeti anavyo, polisi wanamjua. Wazee wa mji ule na waliowaunga mkono wakakusanya saini zaidi ya laki saba. Mwaka 1997 serikali ya Conservative ikapiga marufuku karibu bastola zote, na kabla ya mwaka kwisha serikali mpya ya Labour ikamalizia zile ndogo zilizobakia. Bastola zipatazo 162,000 zilirejeshwa, wenyewe wakalipwa fidia. Marufuku ile haikufika Ireland ya Kaskazini, na walenga shabaha wa timu ya taifa wakawa wanakwenda nje ya nchi kufanya mazoezi ya mchezo ambao kwao umekuwa kosa la jinai.

Mpenda uhuru wetu anasema hapo ndipo serikali ilipowaadhibu maelfu kwa dhambi ya mtu mmoja, na kwa uzembe wa polisi waliompa cheti. Anasema pia kwamba polisi bado wanazembea, na ushahidi anao: Agosti 2021 mtu mmoja mjini Plymouth aliua watu watano kwa bunduki ya marisau ambayo polisi walikuwa wameichukua, kisha wakamrudishia wenyewe wiki chache kabla.

Halafu hutugeukia sisi. Nyinyi, husema, ndio mngelipaswa kunielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu mmetoka kwenye nchi ambayo bunduki zote ziko mikononi mwa serikali na mmeona ilivyozitumia.

Ni kweli tumeona. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji wa Unguja na Pemba waliokuwa wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwa ngarawa na mashua hadi Shimoni, Kenya. Waliouawa hawakuwa na bunduki.

Lakini hatukubaliani naye. Lau watu wa Wete na Micheweni wangelikuwa na bastola siku ile, maiti zingelizidi, na serikali ingelipata kisingizio ilichokuwa ikikitafuta, kwamba inapambana na waasi. Kilichokosekana Pemba ni hakimu ambaye mjane angelimwendea kesho yake asubuhi, akamwambia nani amempiga risasi mumewe, na hakimu asiogope kumwita mkuu wa polisi. Hicho Mwingereza anacho, na amekizoea hata hakioni.

Tuchukue mfano wa Clarence Willcock. Vita vilipoanza mwaka 1939 Bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha watu wote na kuwapa vitambulisho. Sababu zilitajwa tatu tu: utumishi wa taifa, usalama wa taifa, na chakula cha mgao. Vita vikesha mwaka 1945, lakini vitambulisho havikwisha, na kufikia mwaka 1950 idara za serikali zilizokuwa zikivitumia zilikuwa 39. Tarehe 7 Desemba 1950 Willcock alisimamishwa na askari huko Finchley akiwa anaendesha gari, akatakiwa atoe kitambulisho. Alikataa. Alikuwa mwanachama wa chama cha Liberal na alimwambia askari wazi kwamba mambo haya hayaafiki.

Alishitakiwa na akaonekana ana hatia, lakini mahakama haikumpa adhabu yoyote. Akakata rufaa mwaka 1951, akashindwa. Hata hivyo Jaji Mkuu, Lord Goddard, ambaye hakuwa mtu laini hata kidogo, aliikemea serikali kwa kutumia sheria ya wakati wa vita kwa mambo mengine, na akasema hiyo ndiyo njia ya kuwafanya raia wema wawachukie polisi. Februari 1952 vitambulisho vikafutwa.

Linganisha na kwetu. Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria namba 7 ya mwaka 2005, ikaanzisha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Karatasi yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kwamba aliyekikosa hakuweza kuandikishwa kupiga kura, na njia ya kukipata ilipita kwa sheha, na sheha anateuliwa na serikali. Mwaka 2009 uandikishaji ulipoanza Pemba, watu wengi walirudishwa kwa sababu hawana kitambulisho, ghasia zikatokea na zoezi likasitishwa kwa muda. Mtu aliyezaliwa pale, na babu yake kazikwa pale, anaambiwa hajulikani. Akigoma kama Willcock, anamgomea nani? Hakuna aliyemlazimisha kukichukua; amenyimwa tu.

Kwa hiyo Tony Blair alipopitisha sheria ya vitambulisho mwaka 2006, kwenye suala hili sisi tulikuwa upande wa Mwingereza mkaidi. Serikali mpya iliifuta kwa sheria ya mwaka 2010, na Februari 2011 diski zilizohifadhi kumbukumbu zile zikasagwa mashineni mbele ya waandishi wa habari. Kelele kama zile zilirudi Septemba 2025, pale Waziri Mkuu Keir Starmer alipotangaza kitambulisho cha simu ambacho kila anayetaka kazi angelazimika kuwa nacho. Karibu watu milioni tatu walitia saini kupinga, na Januari 2026 serikali ikarudi nyuma, ikasema hakitakuwa cha lazima.

Hapa ndipo tunapokuwa na ugomvi wetu na rafiki yetu mpenda uhuru. Vitambulisho vya mwaka 2006 vilipoanza kutolewa, wa kwanza kupewa, Novemba 2008, walikuwa wageni. Vilipofutwa mwaka 2010, vilifutwa vya raia; kadi za wageni zilibakia. Zimeondoka mwisho wa mwaka 2024, na badala yake ruhusa ya mgeni kuishi hapa sasa imo kwenye kompyuta ya serikali, hana karatasi mkononi. Kitambulisho cha simu ambacho raia milioni tatu walikikataa, sisi tunacho tayari, na hatukuulizwa.

Na kuna sheria ya uhamiaji ya mwaka 2014, iliyomtaka mwenye nyumba amkague mpangaji wake kama ana haki ya kuwepo nchini. Tangu Februari 2024 akikosea mara ya kwanza anaweza kutozwa hadi pauni 10,000 kwa kila mpangaji, na mwajiri hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi. Kwa Kiswahili chetu, mwenye nyumba amegeuzwa sheha. Wazee waliokuja kutoka visiwa vya Karibiani tangu enzi za meli ya Windrush, wakiwa raia halali, walipoteza kazi na nyumba kwa kukosa karatasi, na wengine wakafukuzwa nchini, mpaka fedheha ile ikalipuka mwaka 2018.

Tulimuuliza mmoja wao, mkereketwa hasa, mwenye kuijua Hati ya mwaka 1689 kwa moyo, mbona kwa hili hatukumsikia. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba wageni ni suala jengine.