Mkuyu, Mtini au Mgumo? Vitabu vya Picha na Hadithi ya Wangari Maathai kwa Watoto

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hii hunukuliwa kila panapotajwa malezi, lakini ni nadra kuwasikia wanafunzi wa fasihi wakiitumia kuzungumzia vitabu vya picha. Riwaya, tamthilia na ushairi huchambuliwa kwa kina katika madarasa yetu, ilhali kitabu chembamba chenye sentensi chache na michoro mingi huachiwa walimu wa chekechea. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kitabu cha picha kinavyoweza kuhuisha historia na mazingira mbele ya macho ya mtoto. Fauka ya hayo, yatadai kwamba kazi hiyo haikamiliki mpaka mtoto apewe majina ya vitu anavyoviona. Mfano tuliouteua ni vitabu vilivyoandikwa kuhusu Profesa Wangari Maathai.

Maisha yanayochorika

Wangari Maathai alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika tawasifu yake, Unbowed (2006), anasimulia juu ya mgumo mkubwa uliokuwa karibu na kwao. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito. Humo, chini ya majani ya nduma, mtoto Wangari aliyaona mayai ya chura akayadhania shanga; kila alipojaribu kuyainua, yalimponyoka. Baadaye aliona viluwiluwi wakiogelea palepale.

Mwaka wa 1960 alikwenda Marekani kusoma, akarejea mwaka wa 1966. Baadaye alikuta mgumo ule umekatwa na kijito kimekauka. Aling'amua kwamba mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikipenya miamba na kuyafungulia maji njia, na kwamba katazo la mama yake lilikuwa limehifadhi elimu ya mazingira katika vazi la imani.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba huko Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, vuguvugu hilo lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Aliaga dunia mwaka wa 2011.

Msomaji atatambua kwamba katika maisha haya historia na mazingira haziwezi kutenganishwa. Shujaa anakumbukwa kwa mche, na kukauka kwa kijito ni sehemu ya historia ya nchi. Ndiyo sababu maisha ya Wangari yamewavutia sana wachoraji.

Picha zinavyosimulia

Kati ya mwaka wa 2008 na 2010, vitabu vinne vya picha vya Kiingereza kuhusu Wangari vilichapishwa nchini Marekani. Tutatazama vitatu.

Claire Nivola, katika Planting the Trees of Kenya (2008), anatumia rangi za maji. Huchora mandhari mapana yanayotazamwa kwa mbali, watu wakiwa wadogo katikati ya vilima na mashamba. Mtoto anapofunua kurasa huona nchi ya kijani ikipoteza vazi lake na kulipata tena. Maneno yangehitaji aya nyingi kueleza mmomonyoko wa udongo. Jicho la mtoto huulewa kwa kulinganisha kurasa mbili tu.

Jeanette Winter, katika Wangari's Trees of Peace (2008), ana michoro sahili. Hata hivyo, hamfichi mtoto dhuluma. Wangari anapojaribu kuzuia miti isikatwe, anapigwa, kisha anatiwa gerezani. Mwandishi anajua kwamba mtoto akisimuliwa upandaji miti bila upinzani atadhani haki hupatikana kwa urahisi. Sisi wa Kenya tunakumbuka kwamba mwaka wa 1989 Wangari alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, na kwamba mwaka wa 1999 alijeruhiwa akitetea msitu wa Karura.

Kitabu cha tatu ni Mama Miti (2010), kilichoandikwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson. Nelson amechanganya rangi za mafuta na vipande vya vitambaa vya maua, hivi kwamba nguo za wanawake na majani ya miti yanaonekana kushonwa kwa uzi mmoja. Wanawake wanamjia Wangari, kila mmoja na shida yake, naye anampa kila mmoja mti unaofaa: wa chakula, wa kuni, wa dawa, wa ua. Mtoto anajifunza kwamba miti haifanani na kwamba kila mmoja una kazi yake.

Jina la mti

Hapa ndipo tatizo linapozuka. Nilipomsomea mpwa wangu wa darasa la tatu kitabu cha Nivola, nilikuwa nikimtafsiria kwa Kiswahili papo kwa papo. Nilipofika kwenye mti unaotajwa kwa jina la Kiingereza fig tree, ulimi wangu ulitamka "mtini". Mtoto alinikatiza: "Mjomba, ni ule Yesu aliulaani ukakauka?" Nilinyamaza. Kwa neno moja nilikuwa nimeugeuza mti wa Mungu kuwa mti uliolaaniwa.

Swali la mtoto huyu ni swali la tafsiri. Kiingereza hutumia neno hilo moja kwa miti mingi. Kiswahili, kinyume chake, kinatulazimisha kuchagua. Mtini ni ule wa Mashariki ya Kati unaozaa tini tamu zinazotajwa katika Biblia. Mkuyu ni mti wetu wa kandokando ya mito. Ndio huohuo aliopanda Zakayo ili amwone Yesu. Je, basi tuseme mkuyu? Kwa mtoto wa pwani huenda pasiwe na ubaya. Lakini mtoto wa Nyeri ana mũkũyũ na mũgũmo katika lugha ya nyumbani, naye anajua kwamba ni miti miwili. Aghalabu mgumo huanza kama mbegu iliyoangushwa na ndege juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini na hatimaye kumfunika mwenyeji wake. Kwa maoni yangu, mfasiri hana budi kulisanifisha jina lenyewe, aseme mgumo, kama Kiswahili kilivyofanya tangu zamani kwa majina mengi kutoka lugha jirani.

Lugha yetu ina hazina nyingine isiyopatikana katika Kiingereza. Ngeli ya M-MI huufunga mti na tunda lake kwa sarufi: mkuyu na kuyu, mtini na tini, mwembe na embe. Mtoto anayelijua tunda tayari ameanza kuujua mti. Kadhalika, neno kiluwiluwi lina mdundo ambao mtoto akilisikia mara moja atalirudia siku nzima. Kuviacha vitu hivi bila majina yake ni kumpa mtoto picha iliyo bubu.

Hitimisho

Si kweli kwamba hakuna juhudi zozote. A Tiny Seed, kitabu kilichoandikwa na Nicola Rijsdijk na kuchorwa na Maya Marshak nchini Afrika Kusini mwaka wa 2014, kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kinapatikana bila malipo kupitia mradi wa African Storybook. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, inasikitisha kwamba Mama Miti ina jina la Kiswahili kwenye jalada, lakini ndani masimulizi ni ya Kiingereza, na miti imetajwa kwa Kigĩkũyũ.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuanza na hatua ndogo. Anayetafsiri au kuandika kitabu cha picha na aweke mwishoni ukurasa wa majina: jina la mti kwa Kiswahili, kwa lugha ya mahali unapomea, na jina lake la kisayansi. Wazee wanaoyajua majina hayo wangali nasi, lakini hawatakuwa nasi daima.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka mpwa wangu kuutazama mkuyu ulio kando ya mto, karibu na kwao. Aliokota kuyu, akalipasua, akakuta vidudu vidogo ndani. Aliuliza vinaitwaje. Nilikiri kwamba sijui, nasi tukaenda kumuuliza nyanya yake.