Neno la Kingereza: typo

Wandugu, katika maandiko ya Wangereza mtakutana na neno fupi: typo. Linasomwa "taipo". Ni kipande cha maneno marefu yenye maana ya kosa la kupiga chapa. Hutumika kati ya rafiki. Katika barua ya heshima huandikwa maneno yote.

Ni kosa la mkono, si la akili. Mwenye kujua neno vema, kidole kikamponyoka juu ya mashine au telefone, amefanya typo. Asiyejua, kosa lake si typo, ingawa wengi (hata sisi mapadri) tunapenda kujificha humo.

Tena kosa la mkono si jepesi sikuzote. Mwaka 1631, huko London, Robert Barker na Martin Lucas walipiga chapa Biblia. Katika amri juu ya uzinzi, ya sita kwa hesabu yetu, ya saba kwa Waanglikani, neno la kukataza lilianguka. Amri ikaagiza zambi! Mfalme Charles wa Kwanza alikasirika, nao wakatozwa paundi 300.

Neno lile lilikuwa la herufi 3: not. Katika Kiswahili zingetosha 2: toa "si" katika "usizini", uone kinachobaki.